Nchi Haitolewi Arusini

Wako watu wadhanio kwamba neno la wananchi kujichagulia mtawala ni uzushi wa vyama vyetu vya siasa. Twawaomba wasome habari za vita ya Aljubarrota.

Mfalme Fernando wa Ureno alikufa mwaka 1383, asiache mtoto wa kiume. Binti yake, Beatriz, alikuwa ameolewa mwaka huo huo na Juan, Mfalme wa Castile, nchi jirani ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Juan akaidai Ureno kwa haki ya mkewe, na wakubwa wengi wa Ureno wakamfuata. Vibaraka hawakosekani katika zama yoyote.

Lakini watu wa Lisbon walikataa. Mwaka 1384 walizingirwa kwa miezi kadhaa, wakashinda na njaa, wasifungue malango, hata tauni ikaingia katika jeshi la Juan akaondoka. Aprili 1385 baraza la nchi likakutana Coimbra, likamchagua João, ndugu wa marehemu kwa baba, ingawa hakuzaliwa ndani ya ndoa.

Juan akarudi na jeshi kubwa lililowapita Wareno kwa mbali. Tarehe 14 Agosti 1385, Nuno Álvares Pereira akawapanga watu wake mahali pembamba palipoinuka, wakachimba mahandaki. Wapanda farasi wa Castile wakasongamana humo, wakavunjika. Juan akakimbia. Wapiga upinde wa Kiingereza walisaidia. Lakini rafiki ni wa kusaidia tu, mwenye nyumba ndiye asimamaye mlangoni.

Sasa sikilizeni ajabu. Manuel, kitukuu wa João huyo aliyechaguliwa na baraza, ndiye aliyetuma merikebu zilizopiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Na Msumbiji haikupata Uhuru ila mwaka 1975, baada ya ndugu zetu kupigana miaka kumi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Sisi twasema, somo hili si la Wareno peke yao. Chama kilichopigania haki ya watu kuchagua kisije kikageuka kuwachagulia. Kila mwanachama alinde kura ya mwenzake tawini kama aitakavyo yake ilindwe. Asiyefanya hivyo hakupenda uhuru; alipenda kiti.