Mgonjwa Bungeni Hajapotea Njia

Nimesoma makala inayodai kwamba wagonjwa wanaofika mbele ya kamati za mabunge ya majimbo ya Marekani huleta machozi mahali panapohitaji hesabu, na kwamba wao ndio wanaopandisha ada za bima. Haya, tuhesabu basi.

Utaratibu wanaoupinga ni huu: mgonjwa wa baridi yabisi analazimishwa na kampuni ya bima aanze na dawa ya bei rahisi, ishindwe kwanza, ndipo ilipiwe ile aliyoandikiwa na daktari wake. Miezi inapita, vidole vinapinda, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kilivyokuwa. Gharama hiyo mwandishi ameiandika wapi katika hesabu zake? Haimo. Aijuaye ni aliyeilipa kwa mwili wake, na ndiyo sababu anapewa kipaza sauti.

Jimbo la Illinois limesikia. Mwaka 2024 Gavana JB Pritzker alitia saini sheria inayoupiga marufuku utaratibu huo kuanzia Januari 2026. Kampuni za bima nazo zina washawishi wa kulipwa katika korido za bunge hilo hilo la Illinois, huko Springfield. Hao makala haikuwaona.

Hoja ambayo ingetubana kweli mwandishi ameiruka: sheria ya shirikisho ya 1974, ERISA, huyazuia majimbo kugusa mipango ya bima ambayo waajiri huigharimia wenyewe. Wengi wa wafanyakazi wenye bima ya kazini wamo humo. Kesi yao haiamuliwi Springfield, ni ya Washington.