Tunahesabu Siku au Tunahesabu Pesa?

Desemba ikifika hapa Hai Mauna, watoto huanza kuuliza: "Zimebaki siku ngapi?" Swali ni zuri. Kosa ni letu tunaowajibu. Tunawaambia zimebaki siku kumi za kununua nguo, siku tano za kununua viatu, na baba anazunguka soko la Konyo Konyo akikopa ili majirani wasimcheke. Majilio, zile Jumapili nne za kumngoja Kristo, tumeyageuza kuwa msimu wa madeni. Napinga jambo hili, na napinga pia dawa mbili ambazo wenzangu wanazipendekeza.

Wa kwanza wanataka tuwanunulie watoto kalenda za vidirisha zenye chokoleti, kama wafanyavyo Ulaya. Kalenda hizo zilianza kuchapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na chokoleti ilitiwa baadaye. Mtoto anayepata kitu kitamu kila asubuhi hajifunzi kungoja. Anajifunza kula kabla ya sikukuu.

Wa pili wanataka tuache kila kitu, hata shada la mishumaa minne, eti ni desturi ya wazungu. Lakini shada hilo halikuanzia kwa matajiri. Mwaka 1839 Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake: midogo kwa siku za kazi, mikubwa kwa Jumapili. Watoto wakawa wanaona wenyewe siku zilizobaki. Gurudumu kuukuu na mishumaa! Ni kipi hapo kinachomshinda mtu wa Juba?

Hata hivyo, mshumaa peke yake hautoshi. Tarehe 15 Desemba 2013 ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio, ambayo Wakatoliki huiita Jumapili ya furaha. Usiku wake risasi zilianza kulia Juba. Kabla ya Krismasi, maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kambi za Umoja wa Mataifa. Vita vile vilianzia kwa wakubwa, lakini vilipofika mitaani watu walitafutwa kwa makabila yao. Siku kama hiyo mtu huhitaji jirani anayemfahamu, na ujirani haujengwi kwa viatu vipya.

Kwa hiyo nasema hivi: kila Jumapili ya Majilio, kabla ya kuwasha mshumaa, familia itaje nyumba moja ambayo haisalimiani nayo. Kabla ya Jumapili inayofuata, mzazi na mtoto waende kubisha hodi.

Mtu atauliza: je, nimsalimie aliyemuua ndugu yangu kwa sababu ya mshumaa? Hapana. Damu ina mahakama yake. Nazungumzia ugomvi wa maji, wa mpaka wa kiwanja, wa maneno ya watoto. Huo tunauweza, nasi tumeuacha uzeeke.

Mtoto akiuliza tena zimebaki siku ngapi, tumjibu: "Zimebaki nyumba mbili."