Karatasi ya michango mlangoni: mwenye nyumba ana haki ya kuuliza

Jumamosi asubuhi, katika avenue nyingi za Bukavu na Goma, hodi ya kwanza si ya jirani anayeomba moto wala ya mtoto anayeuza maandazi. Ni ya vijana wawili. Mmoja ameshika karatasi ndani ya plastiki, mwingine ana kalamu. "Salama mama. Tunapitia kwa ajili ya wakimbizi wa vita." Karatasi ina muhuri wa bluu, sahihi isiyosomeka, na chini yake orodha ya majina: mwenye duka la kona ametoa franga 5.000, mwalimu 2.000, mjane wa nyumba ya tatu 1.000. Mstari unaofuata uko wazi. Mama anauangalia ule mstari, anamwangalia mwenye kalamu, kisha anaingia ndani kuchukua pesa ya mboga.

Hakutoa kwa sababu ameelewa pesa inaenda wapi. Ametoa kwa sababu mjane ametoa, na kesho orodha hiyo itasomwa na jirani mwingine. Wanaoifanya kazi hii kwa uongo wanaujua vizuri utamu wa orodha. Majina matatu ya kwanza wanaweza kuyaandika wenyewe chini ya mwembe, hata kabla ya kugonga mlango wowote.

Wengine wamepata dawa yao. Wanamtuma mtoto getini aseme mwenye nyumba hayuko. Mtoto anafika, anasema: "Mama anasema hayuko." Watu wanacheka, lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mtu mzima, ndani ya parseli yake, anajificha nyuma ya pazia kwa sababu ya karatasi.

Shida yenyewe ni ya kweli, na ndiyo maana mchezo huu una uzito. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wakaaji wa Goma walitembea kwa miguu hadi Sake na kwingine, na huko wakapokelewa na watu wasiowajua. Mwezi wa Mei 2023, maji na udongo vilipofunika Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, watu zaidi ya 400 walikufa. Wakaaji na wajitolea wa Msalaba Mwekundu ndio waliochimba makaburi na kubeba miili. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipoingia Goma kisha Bukavu, kambi za pembeni mwa Goma zikabomolewa, na watu wengi waliokuwa humo wakatafuta ndugu, marafiki, au mtu yeyote mwenye chumba. Katika nyumba ngapi za Kivu watu wanalala sebuleni kwa zamu hadi leo?

Ukarimu huo ndio unaoliwa na mchangishaji wa uongo. Franga 1.000 ya mjane ni sehemu ndogo tu ya hasara. Mtu aliyedanganywa mara mbili hafungui mara ya tatu, na huenda anayegonga mara ya tatu ni dada wa mzazi aliyezuiliwa hospitalini na mtoto wake mchanga kwa sababu deni halijalipwa. Huyo hana muhuri. Hana plastiki. Anatetemeka, hajui aanze wapi, na anafukuzwa kama mwizi kwa makosa ya waliomtangulia.

Katika nchi nyingine maombi kama haya hufika kwa barua. Huku, posta haifiki mlangoni, kwa hiyo barua imepita njia ya simu. Katika vikundi vya WhatsApp inazunguka picha ya mtoto mwenye uvimbe shingoni, pamoja na nambari ya kutumia pesa na neno la Mungu, na mwisho amri ya kutuma kwa watu kumi. Hakuna jina la hospitali. Hakuna tarehe. Picha inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita, ya mtoto wa nchi nyingine kabisa. Tangu mabenki yafunge milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, pesa nyingi zaidi zinapita kwenye simu, na iliyotumwa kwa mtu asiyejulikana hairudi kirahisi. Anayetaka kweli kumsaidia mgonjwa aulize: hospitali gani, chumba gani, daktari gani? Akiwa mjini humo humo, aende akaone, au amtume mtu. Pesa ilipwe kwenye kasha la hospitali na risiti itolewe.

Jambo moja linasahaulika: anayetoa mara moja ameandikwa. Jina lake, nyumba yake, na mara nyingi nambari yake ya simu, viko mikononi mwa watu asiowajua. Uingereza walijifunza hilo kwa njia ngumu. Bibi mmoja wa Bristol, Olive Cooke, aliyekuwa akiuza maua ya kumbukumbu ya wanajeshi kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 92. Familia yake haikuyalaumu mashirika kwa kifo chake, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mashirika 99 yalikuwa na jina lake kwenye orodha zao, mengi yakiwa yamelipata kupitia wengine. Kila alipokuwa mwema, orodha iliongezeka. Mwaka 2016 nchi hiyo ikaunda chombo kipya cha kusimamia uchangishaji, na mwaka uliofuata ikafungua njia ya mtu kusema: msiniandikie tena. Huku hakuna chombo kama hicho, na haijulikani orodha ya Jumamosi iliyopita inalala kwa nani.

Sheria ya kuanzia ipo. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaeleza namna shirika lisilotafuta faida linavyotambuliwa, na hadhi ya kisheria inatolewa na waziri wa sheria. Muhuri wa shefu wa avenue haundi shirika. Unaonyesha tu kwamba kuna mtu alipita ofisini kwa shefu. Nayo kanuni ya adhabu, katika kipengele cha 98, inamtolea kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano yule anayejipatia mali ya mwingine kwa jina la uongo au cheo cha uongo. Ni nani aliyewahi kuona mchangishaji wa mlangoni akifikishwa mbele ya mahakama kwa kosa hilo? Mwenye nyumba anasema, "Ni franga 1.000 tu, nimwachie Mungu." Basi yule kijana anaendelea hadi avenue ya pili.

Sehemu kubwa ya lawama iende kwa mashefu wa avenue na wa kartie. Wapo wanaotia sahihi barua ya mtu yeyote anayekuja na "kinywaji" kidogo, bila kuuliza wakimbizi hao wako wapi, wangapi, wanalala kwa nani. Ajabu ni kwamba shefu ndiye anayejua zaidi ya wote nyumba zenye wageni wa vita. Angeweza kusema: familia nne ziko hapa, pelekeni unga kule. Badala yake anawapa vijana karatasi ya kuzunguka nayo kwenye nyumba zile zile zinazowalisha wakimbizi.

Mwenye nyumba naye asiogope. Kumwambia mtu kwa upole, "Mwanangu, hapa hatutoi mlangoni, tunatoa kanisani," au "tunatoa msikitini," si dhambi. Kumuuliza mchango unakusanywa na nani, unapelekwa wapi na lini atarudi kutoa hesabu, si matusi. Anayechangisha kwa haki hujibu bila kukasirika, kwa kuwa amekwisha kujiuliza maswali hayo mwenyewe. Akianza kupandisha sauti, au kutaja majirani waliotoa, mazungumzo yameisha. Na aliye na shida mwilini mwake, mzee mwenye njaa au mama mwenye mtoto mgongoni, asihesabiwe pamoja na wenye karatasi. Sahani ya bugali anayopewa anakula papo hapo, na aliyempa anamwona.

Vikundi vya kina mama wa parokia na vya misikiti vinavyokusanya unga, sabuni na nguo vinaweza kuacha kuandika kiasi kando ya jina. Jina litoshe, au hata namba ya nyumba. Kisha, baada ya juma moja, warudi katika avenue ile ile waseme walipata nini na walipeleka kwa nani. Wapo wanaofanya hivyo tayari, na hao hawafungiwi mlango.

Wakati huo huo, karatasi za zamani zenye muhuri bado zinazunguka, nyingine zimechakaa hadi tarehe haisomeki. Mashefu waliozitia sahihi wanajua waliwapa akina nani. Wazidai zirudishwe kabla ya Jumamosi ijayo.