Nguvu za farasi hazirudishi fedha

Katika soko la magari yaliyotumika la Unguja, Subaru Impreza au Toyota Altezza yenye gia za mkono haikosi mteja, hasa kijana. Tatizo huanza gari likishatoka bandarini Malindi. Badala ya kulitunza kama lilivyotoka kiwandani, mwenyewe hulipeleka kwa fundi liongezwe nguvu. Siku ya kuliuza hudai fedha ya gari pamoja na fedha ya fundi. Mnunuzi hana sababu ya kulipa hiyo ya pili. Kwa hesabu ya biashara, anastahili kupunguziwa bei.

Hesabu yenyewe ni hii. Impreza WRX STI ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke, na walikishika hadi mwaka 2004. Injini yake ni ya lita 2 tu. Nguvu hutoka kwenye turbo, inayosukuma hewa ndani ya silinda. Iliandaliwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida hufika oktani 100. Petroli ya kawaida ya Afrika Mashariki haifiki huko. Fundi akiongeza msukumo wa turbo kwa petroli hiyo, mchanganyiko huripuka kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini hugonga, na mwisho wake ni pistoni au gasketi ya silinda hedi.

Kufunga turbo kubwa zaidi nako kuna gharama. Turbo hiyo huchelewa kuamka mpaka injini izunguke kwa kasi kubwa. Kwenye foleni ya Darajani, kwa gia ya kwanza na ya pili, nguvu ile haipo. Dereva hukanyaga mafuta na kushikilia klachi nusu ili gari liondoke, na pleti huungua mapema. STI ilipewa gia sita katika toleo la mwaka 2000. Gia boksi ya gia tano ya matoleo ya nyuma inajulikana kwa kuvunjika meno ikibebeshwa nguvu nyingi.

Altezza RS200 haina turbo. Ile ya gia sita za mkono hutoa nguvu za farasi 210, lakini injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Kutafuta zaidi ya hapo ni kuizungusha juu zaidi, na kwa kawaida gari hupoteza mvuto wa chini, ambao ndio unaotumika mjini kila siku.

Wapo wanaosema gari ni starehe, si biashara. Hoja hiyo ina haki yake, lakini starehe ya mtu haiwi deni la mnunuzi anayefuata. Tena, kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni takriban kilomita 60, na njia hupita katikati ya vijiji, watoto na baiskeli.

Colin McRae alipoishindia Subaru Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, Impreza yake iliinuliwa, iliimarishwa na kufungwa bomba la kuvutia hewa juu, mbali na maji na vumbi. Uzito uliongezeka, mwendo ukapungua kidogo, gari likafika. Walioijua kazi hiyo waliuza kasi wakanunua uimara.

Mnunuzi naye aulize vifaa vya asili viko wapi. Alijaribu gari mlimani kwa gia ya tatu: mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Na fedha iliyotengwa kwa turbo iende kwenye breki, rejeta, klachi na matairi. Kisiwani hasa, mbio za sakafuni huishia ukingoni.