Nyasi za Kirolirwe zina tarehe

Muulize mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, jirani yake Masisi ni nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: ng'ombe. Atakutajia jibini la duara lililokuwa likipakiwa ndege kwenda Kinshasa, maziwa yanayoteremka Sake ndani ya bidoni za manjano, na vilima vya kijani ambavyo wageni wamezoea kuviita Uswisi ya Afrika. Kutokana na sifa hizo imezaliwa imani iliyokomaa: kwamba Masisi ni nchi ya malisho tangu kuumbwa, kwamba baridi yake na miinuko yake vinamfaa ng'ombe tu, na kwamba mkulima anayelilia shamba Kirolirwe, kijiji cha humo Masisi, anadai kitu ambacho ardhi yenyewe haikumkusudia.

Imani hiyo ni uongo. Nyasi za Kirolirwe hazikujiotea. Zina tarehe, zina sahihi, na nyingine zina mihuri ya Kinshasa.

Kabla ya Wabelgiji, sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa msitu, na penye watu palikuwa na mashamba ya Wahunde. Ardhi ilikuwa chini ya mwami, mtawala wa jadi, na wakubwa wake; aliyetaka kulima alitoa ushuru ulioitwa muhako, akaonyeshwa pa kulima. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ikaunda kamati iliyoitwa CNKi (Comité National du Kivu) na kuipa mamlaka ya kuwagawia walowezi wa Kizungu ardhi ya Kivu. Walowezi walihitaji vibarua. Kati ya 1937 na 1955, mpango wa uhamishaji uliojulikana kama MIB (Mission d'Immigration des Banyarwanda) ukaleta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wakawekwa Gishari, humohumo Masisi, na vilima vya jirani. Mikono yao ndiyo iliyofyeka msitu. Walowezi wakapanda chai, kahawa, pareto na mkwinini. Wakulima wakapanda maharagwe na mahindi. Ng'ombe walikuwapo, hakuna anayekataa, ila hawakuwa wenye nchi.

Waliletewa nchi na karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola. Ardhi za wanakijiji nazo zikaingizwa humo, huku sheria ikiahidi kwamba haki zao zingefafanuliwa baadaye kwa amri ya rais. Miongo mitano ilipita amri hiyo haijatoka. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Rais Mobutu akatangaza kutaifishwa kwa mali za wageni, na mashamba ya walowezi yakaangukia mikononi mwa wanasiasa, wafanyabiashara na watu wa karibu na utawala.

Sasa jiweke mahali pao. Umepewa shamba la mamia ya hekta, nawe unaishi Goma au Kinshasa. Chai inataka vibarua kila siku, kiwanda na lori. Pareto inataka soko la nje, na bei yake haitabiriki. Ng'ombe anataka uzio na wachungaji wachache. Tena sheria inamdai mwenye konsesioni, yaani ardhi aliyopewa na Dola, aitumie ardhi yake asije akanyang'anywa, na hakuna ushahidi wa matumizi unaopatikana kwa urahisi kama kundi la ng'ombe likionekana kwa mbali. Basi mashamba yakageuzwa feremu, yaani ranchi za ng'ombe, na feremu zikatanuka hadi kwenye vishamba vya majirani ambao haki yao ilikuwa bado inasubiri amri ya rais. Udongo na mvua havikuwa na kauli katika uamuzi huo.

Njia ya kuupata uamuzi nayo ilikuwa fupi kwa mwenye kuijua. Kwa ardhi ya vijijini isiyozidi hekta 200, sahihi ya gavana inatosha. Sheria inataka kwanza ufanyike uchunguzi mahali penyewe ili kujua nani anaishi pale na nani analima. Uchunguzi huo ukifanyika mezani, mkulima anapata habari siku anapoona watu wakichimbia miti ya uzio. Na hati ya umiliki ikishatimiza miaka miwili, kisheria haiguswi tena. Mwanakijiji asiyesoma Kifaransa, aliye mwendo wa siku nzima kutoka ofisi ya kadastri inakosajiliwa ardhi, ataiwahi vipi miaka hiyo miwili?

Matokeo yake yanaonekana na yeyote apitaye barabara ya Sake kwenda Kitchanga. Kwingi, penye tambarare na udongo mzito pamefungwa na nyaya, na ng'ombe wanalisha kwa nafasi. Penye mteremko mkali, ambapo mtu analima huku ameegemea jembe asiporomoke, ndipo palipo maharagwe na viazi. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wa mkulima unashuka bondeni kumnenepesha ng'ombe wa tajiri.

Na ndani ya uzio kuna mpango unaoitwa salongo. Mama asiye na shamba anafanya kazi ya mwenye feremu siku kadhaa za juma, anapalilia au anatengeneza uzio, ndipo anaachiwa kipande cha kulima kwa msimu. Maharagwe ruksa, mahindi ruksa. Mgomba hapana, kwa sababu mgomba unakaa miaka, na anayekaa miaka ataanza kudai. Tafakari hapo. Kama ardhi ile ingekuwa ya nyasi tu kwa maumbile yake, nani angetoa jasho la siku kadhaa kuinunua ruhusa ya kuilima? Wenye feremu wanajua vizuri kuliko wote kwamba udongo wao unazaa maharagwe. Wanauza ruhusa hiyo kila msimu.

Watetezi wa malisho wana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba nyasi huushika udongo, na kulima milima hii ni kuibomoa. Ni kweli kabisa, ndiyo maana nyasi na miti vilistahili kuwekwa kwenye miteremko, na majembe yashuke bondeni. Leo tumepanga kinyume, halafu tunamlaumu mkulima kwa mmomonyoko. Ya pili ni kwamba maziwa na jibini vinaingiza pesa. Vinaingiza, na hakuna anayetaka ng'ombe wafukuzwe Masisi. Lakini faida ya mwenye feremu haitoshi kuwa hoja ya kumnyima ardhi jirani yake anayenunua unga sokoni akiwa amezungukwa na mamia ya hekta zenye rutuba.

Kuna na wale wanaosema: ngojeni amani kwanza. Hao wanasahau Machi 1993, pale mauaji yalipoanzia soko la Ntoto, huko Walikale, yakasambaa Masisi nzima. Ardhi haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Tangu hapo kila vita imehamisha mipaka ya malisho: wenye bunduki hawaji peke yao, wanakuja na ng'ombe, na wakimbizi wanaporudi wanakuta uzio. Mapema mwaka 2025, waasi wa M23 walipoitwaa Goma, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Warudi wapi hasa? Swali hilo ni la ramani kabla ya kuwa la usalama.

Wala lisigeuzwe kuwa la kabila. Waliofaidika na karatasi za miaka ya 1970 walikuwa wa makabila tofauti, na wanaofanya salongo leo ni Wahunde, Wahutu na wengineo. Kila mara hoja ya feremu inapogeuzwa hoja ya nani ni mgeni, mwenye hekta mia tano analala usingizi mnono, maana maskini wawili wanapigana chini ya uzio wake.

Mwaka 2025 Kongo ilipata sheria mpya ya kupanga matumizi ya maeneo. Maafisa wakija Kirolirwe na ramani, hatari ni kwamba watapaka kijani palipo na nyasi leo, waandike "eneo la malisho", kisha waondoke. Hapo watakuwa wameligonga muhuri jambo la 1973 kwa mara ya pili na kuliita mpango.

Hapo jirani kuna mfano mwingine. Tangu amri ya 2014 kuhusu misitu ya jamii, jamii za Walikale zinaweza kuomba msitu wao wenyewe, hadi hekta 50,000, zikachora mipaka na majirani zao na kupewa konsesioni yake ya kudumu. Kama mwanakijiji wa msituni anaaminiwa kuchora ramani, kwa nini wa Masisi asiaminiwe? Yeyote atakayekuwa na mamlaka Goma aanze hivi: orodha ya konsesioni zote za Bashali, eneo la Masisi lenye Kirolirwe, isomwe hadharani kwa Kiswahili, jina kwa jina, hekta kwa hekta, na mwaka wa kila hati. Zisizotumika zirudi, kama sheria inavyoruhusu. Salongo ifutwe, iwekwe mikataba ya kukodi ya miaka mingi inayomruhusu mama kupanda mgomba wake. Kisha ndipo tukae tuulizane ng'ombe wabaki wapi. Wenye hati halali hawana la kuogopa katika usomaji huo. Atakayeupinga atakuwa ametuonyesha mwenyewe pa kuanzia.