Mvua Isisingiziwe

Mhariri, nakuomba nafasi katika jarida letu nami nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa kwanza. Najua kurasa ni chache na washairi wamejaa tele, lakini jambo hili linatuhusu sote, hata wale ambao hawajawahi kushika kamera maishani mwao.

Bila shaka wasomaji wenzangu mnaikumbuka ile siku ya riadha mwezi wa Machi. Asubuhi jua lilikuwa kali ajabu. Kufikia saa nane mawingu yalikuwa yametanda, na mbio za mita 1500 zilipoanza mvua ikamwagika kana kwamba mtu amefungua mfereji huko juu. Watazamaji tukatimua mbio kuelekea bwalo la chakula. Wakimbiaji hawakusimama. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye sitamtaja jina, naye hakuondoka. Alibaki pale kwenye kona ya mwisho akipiga picha kwa kamera ya chama. Alipoingia bwaloni alikuwa amelowa chapachapa, na kamera imezimika.

Yaliyofuata mnayajua. Fundi wa Nairobi alisema kuitengeneza ni shilingi 18,000. Mwenzetu akaambiwa mzazi wake alipe nusu. Kamera ya pili, ile ndogo, ikafungiwa kabatini na amri ikatolewa: isitoke nje ya jengo kukiwa na dalili yoyote ya mvua. Ndiyo sababu mkilipekua jarida hili mtaona picha za watu walioketi, na picha za watu waliosimama kwa mistari kama wanaosubiri uji. Anayekimbia ni mmoja tu, nami nitamrudia.

Kwa heshima zote kwa walimu wetu, maoni yangu ni kwamba amri hiyo ni ya makosa, na deni lile ni la makosa zaidi. Watu wamekuwa wakisema eti ajali haina kinga. Jamani! Hii ilikuwa nayo. Kinga yenyewe nimeshonesha kwa shilingi 250 na nitaieleza hapa chini. Aliyekosa kuileta mapema si yule msichana, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa picha chamani, mimi ndiye niliyemkabidhi kamera asubuhi ile, tena bila hata gazeti la kuifunika. Nikamwambia, "Hakikisha umemnasa mkimbiaji wetu akimaliza." Basi, alifanya nilivyomwagiza.

Tena hebu tuulizane: kamera ile ilikufa wapi? Mtu akiniuliza nitamwambia ilifia bwaloni, si uwanjani. Maji ya mvua yakichanganyika na jasho la mikono na vumbi la uwanja hupitisha umeme. Yakipenya ndani huku betri iko mahali pake, umeme hupita pasipotakiwa, na vyuma vidogo vidogo vya ndani huanza kuliwa. Kwa hivyo kamera ikilowa, kwanza izimwe. Betri itolewe, kadi itolewe, maji ya nje yapanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha iachwe na milango yake wazi mahali pakavu penye hewa kwa siku kadhaa. Isiwashwe hata kidogo. Sisi tulifanya nini? Tuliiwasha. Tukaizima. Tukaiwasha tena tuone kama imepona. Mimi mwenyewe nilikibonyeza kile kitufe si chini ya mara kumi. Halafu mmoja wetu akakimbia jikoni kuomba mchele, nasi tukaizika kamera ndani ya sufuria kama mayai ya kuku! Mchele haufanyi kazi kuliko hewa kavu ya kawaida, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Kosa hili halikuwa la mtu mmoja. Tulikuwa kama kumi tumeizunguka ile meza.

Wapo wanaosema kwamba angekimbia kama wengine tu, mbona alikaa mvuani? Mimi nasema alikaa kwa sababu mashindano yalikuwa mvuani. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni nusu ya mwaka. Tukingoja jua, tutapiga picha za likizo.

Wazee wetu wanayafahamu vizuri mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua inaponyesha, na picha zinazopendwa mpaka leo ni za magari yaliyozama matopeni huku wanakijiji wakiyasukuma. Mashindano hayo yaliporudishwa katika orodha ya dunia mwaka 2021 yalifanywa Juni. Mwaka 2024 yakahamishwa tena hadi Machi, siku za Pasaka. Kila moja ya zile picha za matope ilipigwa na mtu aliyesimama nje, akiwa na kitu cha kuifunika kamera yake.

Sasa nije kwenye kinga. Zamani dawa ilikuwa nyepesi: unachukua juala, unalitoboa tundu la lenzi, unafunga kwa mpira, kazi imekwisha. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini, na faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4. Sheria hiyo siilaumu, kwani mtaro ulio nyuma ya bweni letu unajua kilichokuwa kikiuziba. Ila sitaki mtu ashtakiwe kwa sababu ya picha ya mita 1500.

Nilichofanya ni hiki. Niliokota mwavuli uliovunjika mbavu, nikaubandua kitambaa chake na kukipeleka kwa fundi cherehani sokoni. Akanishonea kitu mfano wa mkono wa koti. Upande mmoja ni mwembamba na una lastiki ya kubana ncha ya lenzi, upande wa pili ni mpana wa kuingizia mikono na kuchungulia. Kabla ya kukiamini nilikijaribu. Nilitia karatasi za chooni ndani ya kopo kavu, nikalivalisha kifuniko kama kamera, nikaliweka chini ya bomba la bafuni kwa dakika kumi. Karatasi zililowa! Kumbe maji yalikuwa yakipita kwenye matundu ya sindano. Nikasugua nta ya mshumaa juu ya mishono yote, nje na ndani, nikarudia. Safari hii zilitoka kavu. Wenzangu wa bweni waliniona nimeinama bafuni na kopo, wakaniita mganga.

Kifuniko peke yake hakitoshi, lazima na anayeshika kamera ajue mambo machache. Asipopiga picha aielekeze lenzi chini. Asibadilishe lenzi mvuani. Na ile lenzi inayorefuka na kufupika aifute kabla ya kuirudisha ndani, la sivyo atakuwa anayavuta maji kwa mkono wake mwenyewe. Tena aifute kwa kitambaa kikavu, asitumie pindo la shati lililolowa.

Walimu wametueleza kwamba kamera ni mali ya chama, imenunuliwa kwa ada za wanachama, na haifai kuchezewa. Hilo ni kweli kabisa. Lakini je, kabatini iko salama? Kamera iliyowekwa gizani, ndani ya mfuko wa turubai wenye unyevu, huota kuvu. Kuvu hiyo hutambaa juu ya kioo cha lenzi kama nyuzi za buibui, na ikikaa sana hukila kioo chenyewe hata ukiifuta alama inabaki. Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu mlezi tulifungue kabati. Lenzi ilikuwa bado safi, lakini mkanda wa mfuko ulikuwa na madoa meupe na harufu ya kiatu kilicholala na maji. Tuliutoa mfuko tukauanika. Naomba kamera iwe ikitolewa kila juma ipate hewa, na kila mwenye viatu vipya asitupe vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi. Vinafyonza unyevu. Tuvitie kwenye mfuko wa kamera.

Nimesema nitamrudia yule anayekimbia. Kadi ya kamera ilipona. Ndani yake mlikuwa na picha ya mkimbiaji wetu akivuka mstari, matope hadi magotini, mdomo wazi, na matone ya mvua yanaonekana mbele ya uso wake kama shanga zilizokatika. Nyuma yake bwalo zima limejaa watu waliojificha, nami nikiwa mmoja wao. Mhariri ameniahidi ataiweka karibu na makala haya. Chini yake liandikwe jina la aliyeipiga, kama mwenyewe atakubali.

Ninaomba deni lile lifutwe. Ikiwa ni lazima mtu alipe, basi tulipe sote tuliokuwa pale mezani, na jina langu liwe la kwanza. Mwenzetu hajahudhuria mkutano wa chama tangu Machi. Hukutana Ijumaa saa kumi jioni kama kawaida, darasa lile lile. Kifuniko kipo kwa mwalimu mlezi, kimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kipande cha mshumaa.