Dereva wa lori adaiwa leseni, msuluhishi wa ndoa je?

NDUGU msomaji, pita Tunduma uitazame foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Hakuna tajiri anayemkabidhi lori mtu aliyemwokota kijiweni. Atadai leseni, atauliza amejifunza wapi na ameendesha nini. Hayo yote ni kwa ajili ya chuma na mzigo.

Sasa liache lami, ingia ndani ya Wilaya ya Momba mpaka Kata ya Msangano. Huko, kama katika kata nyingine zote nchini, mke na mume wakishindwana hawaendi moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinawataka wapite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati. Bila hati hiyo, ukiacha mazingira machache yaliyotajwa na sheria, mlango wa hakimu umefungwa.

Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Watu hao ndio wanaoshika funguo za nyumba za watu. Wamefunzwa wapi? Vifungu vinavyounda mabaraza vinahesabu vichwa tu. Mafunzo havitaji.

Msituambie kwamba wakubwa hawakujua. Mwaka 1973, miaka miwili tu baada ya sheria ya ndoa, Bunge lilitunga sheria ya kuunda chuo ambacho leo ndicho Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa hiyo walijua fika kwamba kazi ya kusaidia familia inasomewa. Elimu wakaiweka Dar, kesi za ndoa wakawaachia watu wa kata wajibebee.

Utasema wazee wana busara, ukubwa ni dawa. Kweli, mzee wa Msangano anazijua koo, anajua nani alimwoa nani na ng'ombe walikwenda wapi. Afisa aliyetoka mjini jana hayajui hayo. Lakini mzee huyo ana nyumba yake pia, na anapokaa barazani anakuja nayo.

Tazama hesabu. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Watu walipoulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga, wanawake 58 kati ya 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Wajumbe wa mabaraza hawashuki kutoka mbinguni, wanatoka katika watu haohao. Kifungu cha 66 cha sheria ileile kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mjumbe anayepiga kwake, au anayepigwa na kunyamaza, atamwambia nini mama aliyevimba jicho? Atamwambia: "Vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Hapo hajasuluhisha kitu. Amejitetea mwenyewe.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wenzetu waliosomea kazi hii waliliona jambo hilo na wakalitafutia dawa. Daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, mwaka 1967 alisimama mbele ya wataalamu wenzake akaeleza mivutano ya ukoo wake mwenyewe. Baadaye aliwataka wanafunzi wake wachunguze kwanza familia walikozaliwa: nani alimnunia nani, nani alinyamazishwa, na wao walijifunza kuegemea upande upi. Aliona kwamba waliofanya hivyo waliwasaidia wagonjwa vizuri zaidi. Hilo halihitaji ndege ya kwenda Marekani, linahitaji mwalimu na wiki chache za kukaa chini.

Tunachodai si semina ya siku moja ya posho, soda na picha ya pamoja. Mjumbe wa baraza afunzwe kusikiliza pande zote mbili na kutambua kipigo kinapofichwa. Ajifunze kujitazama, ajue ni kesi ipi inamgusa kidonda chake, aseme, "Hii siiwezi, akae mwingine." Afisa ustawi wa jamii wa wilaya apitie kesi pamoja nao mara kwa mara. Na sheria iandike hivyo, isiwe hisani ya mfadhili.

Kijana mwenzangu, usidhani haya ni mambo ya wazee na akina mama. Kesho wewe ndiye utasimama mbele ya benchi lile, watoto wako wakisubiri nyumbani. Na leo hii rafiki yako akigombana na mkewe, wa kwanza kuitwa ni wewe. Kabla hujafungua mdomo, jiulize maneno unayotaka kumpa uliyatoa wapi: ni yako, au ni ya baba yako siku ile alipokosea?

Anayeshika lori bila leseni akikamatwa anapelekwa polisi. Anayeshika ndoa za watu bila mafunzo anapewa kiti. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize kiti hicho kitapata leseni lini.